Kuku wa Mzazi Mbele ya Kamati

"Muzee amehonga! Muzee amehonga mwalimu na kuku!"

Kelele hizo ndizo zilizonikata maneno juma lililopita. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nipe dakika mbili nikufikishe hapo.

Mimi ni Grégoire Lwamba, mzaliwa wa Kabambare, umri miaka sitini na saba. Kusoma nilijifunza ukubwani, shule ya jioni, vumbi la tofali likiwa bado kwenye nyusi. Vita vilinichomea nyumba. Ugonjwa ulinichukulia mke. Diploma ya taifa niliitafuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na nilipoipata nilipanda pikipiki kuja Kasongo kuingia chuo cha ualimu. Pikipiki ikaanguka kivukoni, na madaftari yangu yote yakaenda na maji.

Hayo nimekwisha kuyaeleza. Sitaki huruma ya mtu kwa hayo.

Pale chuoni ningeshindwa mwezi wa kwanza, kama si Mama Kavira. Huyu ndiye mwenye Ofisi ya Watu Wazima, chumba kilichokuwa stoo ya chaki. Humo ndani kuna mkeka ambapo watoto wa akina mama wanafunzi wanacheza mama zao wakiwa darasani. Kuna taa za jua za kuazima. Kuna boksi la miwani. Ya kwangu ilitoka humo. Na kila asubuhi kabla ya vipindi sisi watu wazima tunakaa pale, tunalieleza somo kwa Kiswahili mpaka liingie kichwani, kisha tunalirudisha kwa Kifaransa kama mwalimu anavyolitaka.

Ulikuwa umebaki mtihani mmoja tu, hesabu za takwimu. Nikiupita, ninapanda mwaka wa pili.

Mwalimu wa takwimu ni Assistant, yaani mwalimu msaidizi, Pacifique Bisimwa, kijana aliyetoka upande wa Bukavu. Chuoni watu walijua kwamba mimi ni mwanafunzi wake tu. Hawakujua kwamba amemwoa binti yangu Elodie.

Mwanzo wa mwaka, katibu wa masomo, Bwana Salomon, aliwakusanya walimu akawaambia: mwenye ndugu darasani aseme, mwalimu mwingine atamsahihishia. Pacifique alinyamaza. Alikuwa kwenye mwaka wa majaribio, aliogopa wangempunguzia masomo, kisha wampunguze na yeye. Jioni ile alinijia.

"Papa, tafazali, huku shuleni tusijuane."

Nilikubali, na nilikubali kwa furaha. Sikutaka mtu aseme Lwamba amepita kwa mlango wa mkwe. Nilitaka pointi zangu ziwe safi kama sahani iliyooshwa. Basi darasani mimi nilimwita Assistant, na yeye alikuwa akiniita "Muzee wa nyuma kule." Tulikwenda hivyo vizuri kabisa.

Kisha Elodie akazaa.

Katika ukoo wetu, binti akizaa mara ya kwanza, baba yake anampelekea kuku wa mzazi. Kuku huyo atoke katika banda la babu mwenyewe. Asilale nyumba ya mtu mwingine. Siku aliyofika ndiyo siku ya kumtoa, kabla jua halijawa kali. Mkwe anampokea kwa mikono miwili, kichwa wazi, bila neno. Hamkatai. Na baba wa binti haruhusiwi kuingia nyumba ya mkwe, wala mzazi, yaani binti aliyejifungua, kutoka, mpaka siku mtoto atakapotolewa nje kuonyeshwa jua.

Kuku alifika kwa pikipiki kutoka banda langu la Kabambare asubuhi, mbele ya lango la chuo. Nikamtazama kuku. Nikatazama jua. Pacifique akapita uwanjani.

Sikusema neno, maana tulipatana tusijuane. Nilimnyooshea kuku. Naye maskini akavua kofia, akainama, akapokea kwa mikono miwili.

Ndipo Radjabu alipopiga kelele. Radjabu ni kiongozi wa darasa letu, kijana aliyekua kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila, mwenye sauti ya kuita watu shimoni.

Sasa tuendelee.

*

"Papa Lwamba, kaa," Mama Kavira aliniambia, akafunga mlango wa ofisi.

Nilibaki nimesimama.

"Kaa, mi si polisi. Ulimupatia Assistant kuku?"

"Nilimpa."

"Na examen yake iko mbele?"

"Kuku hajui tarehe za mitihani, Mama."

Hakucheka. Mama Kavira ni mtu wa kucheka, kwa hiyo niliogopa.

"Unajua kule juu wanaitaje hii ofisi? Hospitali ya wazee. Wanatafuta tu siku ya kuifunga. Sasa wewe unawapatia kuku na sahani yake."

Nikatazama mkeka.

"Mama Euphrasie yuko kwenye mukeka pale na mutoto," akasema. "Ametoka Lusangi na mutoto mugongoni. Hii ofisi ikifungwa, nani atamushikia mutoto akiwa darasani? Weye? Sema, Papa. Kuku ilikuwa ya nini?"

Niliikaza shingo yangu kadiri nilivyoweza. Kisha mtoto wa Euphrasie akakohoa kule mkekani, shingo ikalegea. Nikamwambia yote.

"Elodie amezaa?" Mama Kavira alipiga makofi. "Aksanti Mungu! Mutoto gani?"

"Wa kike."

"Na mulikaa kimya hivi! Basi neno limekwisha. Tunaenda kwa Bwana Salomon sasa hivi, tunamuambia..."

Akakatika. Uso wake ukabadilika polepole.

"Ngoja. Kama ni mukwe wako, mbona anakusahihishia?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

Akakaa kwenye kiti nilichokikataa mimi.

"Kuku ikiwa ya hongo, unafukuzwa," akasema. "Kuku ikiwa ya mukwe, anafukuzwa yeye, juu alificha."

"Nimeliona hilo."

"Basi aseme mwenyewe. Akijipeleka mbele yao watamupatia azabu ndogo. Wakimukamata, watamumaliza. Enda kwake leo. Kamati inakaa kesho asubuhi."

*

Nilisimama nje ya uzio wa Pacifique kama mtu anayeuza mboga. Yeye alikuja mpaka upande wake wa uzio. Matete yalikuwa kati yetu, na nyumbani ndani nilimsikia mtoto akilia. Mjukuu wangu. Nilikuwa sijamwona bado.

"Papa, nilifanya vibaya kupokea," Pacifique alisema. "Lakini ndugu zako walinifundisha siku ya ndoa: kuku ya mukwe haikataliwe."

"Ulifanya sawa. Mimi ndiye nilichagua mahali pabaya."

"Sasa watanifukuza."

"Hawatakufukuza ukisema mwenyewe. Mama Kavira anasema hivyo. Useme: huyu ni baba mukwe wangu, niliogopa, naomba samahani. Basi."

Sauti ya Elodie ikatoka dirishani, dhaifu lakini yenye ncha yake ile ile.

"Baba, ule mume wangu anaogopa hata mende. Kamata shikio yake ndiyo aelewe!"

"Elodie, mutu aliyezaa anapumuzika!" nikamjibu.

"Napumuzika namna gani, munapiga kelele ukutani kwangu?"

Tukacheka wote watatu, kila mmoja upande wake. Nilikuja kuukumbuka ule mcheko.

"Nitasema, Papa," Pacifique akaniambia. "Kesho nitasema mimi wa kwanza. Weye ukae tu kimya. Heshima yako nitailinda."

Nikamshukuru. Nikarudi nikafua shati.

*

Kamati ilikaa katika chumba cha walimu: Bwana Salomon katikati, walimu wawili pembeni yake. Bwana Salomon si mtu mbaya. Ni mtu anayependa jambo limalizike. Mama Kavira alikaa karibu nami. Pacifique alikaa mbele, peke yake, mgongo kwetu. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na nje wanafunzi walijifanya wanapita.

Radjabu aliitwa wa kwanza.

"Niliona na macho yangu mawili," alisema. "Assistant alitoa kofia. Akainama. Sasa mwalimu anainamia mwanafunzi wapi? Kule Salamabila, chef, mukubwa wa shimo, akiinama vile, ujue amekwisha kula."

Nje watu wakacheka. Bwana Salomon akagonga meza.

"Na weye uliwahi kumupatia chef kuku?" Mama Kavira alimuuliza.

"Mama, kule hata kuku iko inachimba."

"Toka," Bwana Salomon akamwambia. Kisha akamgeukia Pacifique. "Assistant, tunakusikiliza."

Pacifique akasimama. Nilitazama mgongo wake na nilijisikia fahari, nasema kweli. Nilijisemea: huyu ndiye niliyempa binti yangu.

"Bwana Katibu," akaanza, "huyu muzee alikuja mbele yangu gafula. Alinisukumia kuku mikononi. Niliinama juu ya adabu, ni mutu wa umri mukubwa. Sikujua anataka nini."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Mulikuwa munajuana?"

"Ni mwanafunzi, Bwana Katibu. Anakaa nyuma."

"Kuna mutu ametuambia pembeni kwamba muko na undugu." Bwana Salomon alimtazama kwa makini. "Nakuuliza mara moja tu. Ikiwa ni ndugu yako na ulituficha, leo unaacha kazi. Mwaka wa majaribio hauna onyo. Ni nani kwako?"

Mama Kavira akaguna. Basi adhabu ndogo haikuwapo. Alikuwa ametuelekeza vibaya, kwa moyo mwema.

Pacifique alifuta uso. Nyuma ya shingo yake jasho lilikuwa likishuka.

"Si ndugu yangu."

"Uko na bibi?"

"Kwa commune, kwa vitabu vya serikali, hakuna ndoa yangu, Bwana Katibu."

"Sikuuliza commune. Uko na bibi?"

"Siko na bibi."

Msomaji, nimeona nyumba yangu ikiungua. Nilisimama mbali nikahesabu boriti za paa zikianguka. Siku ile nilijua kinachoniumiza ni moto. Asubuhi hii sikujua niite nini.

"Muzee Lwamba," Bwana Salomon akasema. "Zamu yako. Kuku ilikuwa ya nini?"

Mama Kavira alinigusa kiwiko. "Sema," akanong'ona.

Kulisema ni rahisi. Kasongo nzima ingenipa mashahidi: majirani wa Pacifique, kaka yangu aliyepokea mbuzi wa mahari, padri wetu. Nikilisema, Pacifique anatoka chuoni leo, mwongo mbele ya kamati, na hakuna shule itakayompokea tena. Binti yangu yuko kitandani na mtoto mchanga ambaye hajaliona jua. Watakula nini? Na Pacifique, akiisha kufedheheka kwa mdomo wangu, atabaki? Atarudi kwao Bukavu, na Elodie ataletwa kwangu, mimi nisiye na nyumba.

Nisipolisema, ninapoteza benchi la darasani. Benchi tu. Nina miaka sitini na saba. Nilikaa miaka mingi bila benchi.

Ndivyo nilivyopima. Nilijiona mwenye busara sana.

"Kuku ni wangu," nikasema. "Kosa ni langu. Assistant hana neno ndani yake."

"Ulitaka pointi?"

Mimi, niliyetaka pointi safi.

"Nilitaka pointi."

"Ni uwongo!" Mama Kavira alisimama, kiti chake kikaanguka. "Bwana Katibu, huyu muzee anaongopa kama mutoto! Assistant ameoa binti yake. Elodie. Amezaa juzi tu. Ni mimi ndiye niliwaambia pembeni, na nasema tena hapa mbele!"

"Mama Kavira, unatetea watu wako."

"Mutu anajifukuza mwenyewe mbele yenu, na hamuoni?"

"Tunaona mutu amekubali," Bwana Salomon alisema. Alikuwa amechoka. "Basi. Muzee anafukuzwa. Na ile ofisi, Mama, tunaifunga kuanzia leo. Mwanafunzi wake mukubwa kuliko wote ndiye wa kwanza kuhonga. Tutawajibu nini wakubwa wa elimu huko Kindu?"

Hilo sikulipima.

Niliona mkeka ule. Niliona taa na boksi la miwani. Nikageuka dirishani kumtafuta Mama Euphrasie kati ya wanaosikiliza, nimwombe msamaha hata kwa macho. Hakuwapo.

Alikuwa ameondoka zamani. Aliposikia Pacifique akisema "Si ndugu yangu," alimfunga mtoto wake mgongoni akakimbia.

Walimu wawili wakabishana kwa muda mrefu maneno ya kuandika, na kabla hawajapatana mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Elodie.

Alikuwa amevaa kitenge kimoja, kingine kimemfunika mtoto kichwa mpaka miguu. Euphrasie alimshika mkono. Miguu ya binti yangu ilikuwa imevimba, na vumbi lilikuwa limefika magotini. Mzazi ambaye mtoto wake hajatolewa alikuwa amepita katikati ya Kasongo, mchana kweupe, mtoto mikononi.

Pacifique alitazama sakafu.

"Assistant," Elodie akasema. Sijapata kumsikia akimwita hivyo. "Mama Euphrasie ameniambia neno moja njiani. Nimekataa. Nimesema bwana wangu hawezi. Sasa rudilia ile neno, nisikie na maskio yangu."

"Elodie..." Pacifique alianza.

"Unanijua jina? Vizuri. Rudilia."

Pacifique alimtazama Bwana Salomon, kisha mtoto, kisha sakafu tena. Hakurudilia. Wala hakulikana.

"Binti," Bwana Salomon aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole, "unamujua huyu mwalimu? Ni bwana yako?"

Sasa niliona neno lililokuwa likija. Binti huyu nilimzaa mimi. Nililiona kwenye taya lake, nililijua kwa sababu ni taya langu.

"Nilizani namujua," Elodie akasema. "Kumbe hapana. Siko na bwana, Papa Katibu. Mutu akinikana, simulazimishe."

Mama Kavira alijishika kichwa.

"Na huyu muzee?" Bwana Salomon akaninyooshea kidole. "Ni baba yako?"

Elodie akanigeukia. Uso wake ulilegea. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeanguka, anayengoja kwanza kuona mtu mzima atafanya nini ndipo aamue kama alie. Angesema ndiyo. Na kwa ndiyo hiyo kila kitu kingefunuka, na Pacifique asingekuwa na kazi, wala sababu ya kumwomba mkewe msamaha jioni.

Bado nilifikiri kuna jioni. Bado nilifikiri kuna nyumba ya kuokoa.

Nikamtangulia.

"Simjui binti huyu," nikasema.

Mtoto akalia ndani ya kitenge. Nilitazama sehemu ile iliyokuwa ikitikisika, uso sikuuona.

Elodie hakulia. Alimpandisha mtoto begani, akapiga goti kidogo, kama mwanamke mwenye adabu anavyomsalimu mgeni aliyekutana naye barabarani.

"Jambo, Muzee," akaniambia.

Akatoka.

Mama Euphrasie alimfuata mbio. Kupitia dirishani nilimwona binti yangu akivuka uwanja, na wanafunzi wakimpisha. Langoni, kushoto ndiyo njia ya nyumbani kwake. Hakushika kushoto. Alishika kulia, kwenye kituo cha pikipiki zinazokwenda Salamabila, kule machimboni.

"Elodie!" Pacifique aliita, lakini hakuondoka mahali pake.

Mimi nilikwisha kusimama.

"Muzee, kaa chini," Bwana Salomon akasema. Alikuwa ameelewa, niliona machoni mwake kwamba ameelewa yote. "Kaa. Neno hili halijaisha. Ukibaki, utatuambia kweli, na naweza kuifungua tena ile ofisi. Ukitoka mulango ule, nitaandika kama ulivyosema: hongo. Kwako na kwa ofisi."

Mama Kavira alinitazama. Hakuniomba kitu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Huko langoni dereva aliyempakia Elodie na mtoto alikuwa akipiga teke pikipiki yake. Haikuwaka. Akapiga tena, ikawaka.